Nyayo za chemosit: Kwa nini alama za ardhini hazijathibitisha kuwapo kwa 'dubu wa Nandi'

KWA zaidi ya miaka 100, masimulizi yamekuwa yakienea katika nyanda za Uasin Gishu na milima ya Nandi kuhusu mnyama wa ajabu anayetembea usiku, kuua mifugo na hata watu, kisha akatoweka bila kuacha chochote isipokuwa nyayo zake.

Walowezi wa Kizungu walimwita dubu wa Nandi. Wenyeji walimtaja kwa majina ya chemosit na kerit. Kuna waliomfananisha na dubu, wengine na fisi mkubwa kupita kiasi, na wengine wakadai kwamba ni jamii ya sokwe anayeweza kusimama kwa miguu miwili kama binadamu.

Hadi leo ngozi ya mnyama huyo haijawahi kuhifadhiwa katika makavazi yoyote, wala mfupa wake haujawahi kufikishwa mbele ya wataalamu ukakubaliwa. Yaliyobaki ni maelezo ya mashahidi wachache na habari za nyayo zilizoonekana matopeni. Je, nyayo peke yake zinaweza kuthibitisha kwamba kiumbe fulani yupo? Historia ya Afrika Mashariki ina jibu la swali hilo, na jibu lenyewe linapatikana katika sehemu mbili: Uasin Gishu nchini Kenya na Laetoli nchini Tanzania.

Chemosit wa masimulizi

Chemosit hakuanza kama mnyama wa kuwindwa. Katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka wa 1909, afisa wa serikali ya kikoloni A. C. Hollis alieleza kwamba kwa mujibu wa wenyeji, chemosit ni zimwi ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni ndege. Ana mguu mmoja tu na makalio tisa, na kinywa chake chekundu hung'aa usiku mfano wa taa. Hujikongoja kwa kutumia kijiti kinachofanana na mkuki. Watoto wanapoona mwanga na kusikia uimbaji wake, hudhani kuna ngoma, wakamwendea na kuliwa.

Ni wazi kwamba hadithi kama hii ilikuwa na kazi yake katika jamii. Iliwazuia watoto kuzurura gizani katika nchi iliyojaa chui na fisi. Aidha, ikiwa tutaichukua neno kwa neno, kiumbe mwenye mguu mmoja na mkongojo angeacha msururu wa nyayo usioweza kufananishwa na wa mnyama mwingine yeyote. Hakuna aliyewahi kuripoti nyayo za namna hiyo.

Kilichotokea ni kwamba walowezi walipofika na kusimuliana habari za mnyama wasiyemfahamu, walichukua jina la zimwi la wenyeji na kumbandika mnyama huyo. Tangu hapo, masimulizi ya aina mbili tofauti yakawa yakihesabiwa kuwa ushahidi wa kitu kimoja.

Walioshuhudia

Shahidi wa kwanza anayetajwa sana ni Geoffrey Williams, ambaye alikuwa akisafiri katika nyanda za Uasin Gishu karibu na wakati wa msafara wa kijeshi wa Waingereza dhidi ya Wanandi mwaka wa 1905. Alieleza kwamba karibu na jabali la Sergoit, kaskazini mashariki mwa mahali ambapo leo upo mji wa Eldoret, alimwona mnyama mkubwa ameketi kwa matako yake kama dubu. Mnyama huyo aliinuka na kukimbia upande upande kuelekea jabalini. Maelezo yake yalichapishwa mwaka wa 1912 katika jarida la Chama cha Historia ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, chama kilichoanzisha makavazi ya Nairobi.

Wakati huo Eldoret kilikuwa kituo kichanga. Makaburu kutoka Afrika Kusini walikuwa wamewasili katika nyanda hizo mwaka wa 1908, na ofisi ya posta ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1910 katika shamba nambari 64, jambo lililofanya mji kuitwa "Sikstifoo" kwa muda mrefu. Nyumba zilikuwa chache, nyasi ndefu na usiku wenye giza totoro.

Mwaka wa 1912, Meja Toulson alisimulia jinsi mtumishi wake alivyomjia mbio akisema kuna chui karibu na jikoni. Alipotoka nje, aliona mnyama mweusi mwenye manyoya marefu akienda zake kwa mwendo wa kujivuta. Mwaka uliofuata, mkuu wa wilaya aliyekuwa Eldoret, N. E. F. Corbett, naye alisema alikutana na mnyama mkubwa kuliko fisi alipokuwa akila chakula cha mchana kando ya mto.

Habari hizi zilikusanywa na C. W. Hobley, afisa mwandamizi wa serikali ya kikoloni aliyependa elimu ya viumbe. Ukizisoma kwa pamoja utagundua kwamba hazilingani. Mmoja anasema mnyama ni mweusi, mwingine anasema ana wekundu. Mmoja anasema ni mkubwa mno, mwingine anaeleza kiumbe mdogo zaidi. Yumkini hawakuwa wanamzungumzia mnyama mmoja.

Dhana ya sokwe nayo ilichangiwa na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza ambaye jina lake halisahauliki Nandi kwa sababu ndiye aliyemuua kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, mnamo Oktoba 19, 1905, katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Katika shajara zake zilizochapishwa mwaka wa 1957, alikisia kwamba huenda mnyama huyo alikuwa aina ya sokwe aliyeangamia kutokana na kupungua kwa mvua. Hata hivyo, neno la Meinertzhagen si la kutegemewa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ndege walibaini kwamba alikuwa ameiba vielelezo vya ndege kutoka makavazi na kuvibandika habari za uongo kuhusu mahali vilikopatikana.

Nyayo za reli ya Magadi

Ushahidi wa nyayo unaotajwa zaidi haukutoka Nandi, bali kusini mwa nchi, ambako reli ya kwenda Ziwa Magadi ilikuwa ikijengwa kati ya mwaka wa 1911 na 1915. Mhandisi G. W. Hickes alieleza kwamba mwaka wa 1913, akiwa juu ya toroli ya reli, alimwona mnyama aliyemdhania kuwa fisi, kisha akashangazwa na ukubwa wake. Toroli ilikuwa ikienda kasi, hivyo hakusimama. Wafanyakazi wa reli hiyo walikuwa pia wameona nyayo ngeni katika eneo hilo, na mhandisi mwenzake alichora mchoro wa nyayo hizo ukionyesha alama za makucha mbele ya vidole. Hobley aliuchapisha mchoro huo.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa ushahidi wote wa dubu wa Nandi. Mchoro si unyayo. Mchoraji huona tope lenye mashimo na mikunjo, kisha akaamua mwenyewe ni ipi alama ya kidole na ni upi ufa wa udongo. Anayeutazama mchoro miaka 100 baadaye hana njia ya kurudi matopeni na kuhakikisha. Wakati huo plasta ilikuwapo na kamera zilikuwapo, lakini hakuna nakala ya plasta ya nyayo hizo iliyowekwa mahali ambapo wengine wangeweza kuikagua.

Hilo halikuwazuia wasomi kukisia. Mwaka wa 1935, Louis Leakey aliandika katika gazeti moja la London akiuliza kama huenda mnyama huyo ni kalikotheri, mnyama wa kale mwenye makucha na mgongo ulioinamia nyuma, ambaye mifupa yake imechimbuliwa Afrika Mashariki. Tatizo ni kwamba kalikotheri alikula majani, ilhali mnyama wa Nandi alisemekana kupasua vichwa vya watu. Mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, Bernard Heuvelmans, katika kitabu chake cha mwaka wa 1955, alionyesha kwamba jina hilo moja limebeba wanyama kadhaa, wakiwemo fisi na nyegere.

Jinsi unyayo unavyosomwa

Wafugaji na wawindaji wa Kenya wamekuwa wakisoma nyayo tangu zamani, na kanuni zao hazitofautiani sana na zile za maabara. Swali la kwanza ni idadi ya vidole. Fisi madoa ana vidole vinne katika kila mguu, na alama za makucha yake butu huonekana kwa sababu hayawezi kuyafutika ndani. Chui pia huacha alama za vidole vinne, lakini makucha yake huwa yamefichwa anapotembea. Nyegere ana vidole vitano, na makucha ya miguu yake ya mbele ni marefu kiasi kwamba alama zake huonekana mbali na vidole vyenyewe. Mhanga ana vidole vinne mbele na vitano nyuma. Nyani huacha alama inayokaribia ya kiganja cha mtoto, na kidole gumba cha mguu wake wa nyuma hukaa kando.

Swali la pili ni ukubwa wa mguu wa mbele ukilinganishwa na wa nyuma. Fisi ana miguu ya mbele mikubwa na mirefu kuliko ya nyuma, na ndiyo maana mgongo wake huinama. Anayemwona fisi mwenye manyoya mengi ameketi katika mwanga hafifu wa jioni anaweza kuapa kwamba ameona dubu.

Swali la tatu, ambalo ni muhimu kuliko yote, ni mwendo. Unyayo mmoja hueleza machache. Msururu wa nyayo hueleza urefu wa hatua, upana kati ya mguu wa kushoto na wa kulia, mahali uzito ulipoegemea, na kama mwenye nyayo alitembea kwa miguu miwili au minne. Wanyama wengi wanapotembea polepole, mguu wa nyuma hukanyaga pale pale ulipokuwa mguu wa mbele, au nyuma yake kidogo. Alama mbili hujiunga na kuwa moja ndefu yenye vidole mbele na "kisigino" nyuma. Asiyefahamu jambo hili huona unyayo wa jitu linalotembea wima.

Isitoshe, ardhi yenyewe hubadilisha ukubwa. Tope likikauka hupasuka, mvua huporomosha kingo, na theluji ikiyeyuka hupanua shimo.

Udanganyifu na makosa ng'ambo

Kenya si nchi pekee iliyokumbwa na fumbo hili. Mwaka wa 1951, mpanda milima Mwingereza Eric Shipton alipiga picha ya unyayo mpana kwenye barafu ya Menlung, katika milima ya Himalaya, huku shoka la barafu likiwa limewekwa kando kuonyesha ukubwa. Picha hiyo ilieneza duniani habari za yeti, sokwe wa theluji. Mwaka wa 2017, uchunguzi wa chembechembe za jeni ulifanyiwa vielelezo tisa vya mifupa, meno, ngozi, nywele na kinyesi vilivyodaiwa kuwa vya yeti. Vinane vilipatikana kuwa vya dubu na kimoja cha mbwa.

Nchini Marekani, mwaka wa 1958, mwendeshaji wa tingatinga Jerry Crew alitengeneza nakala ya plasta ya unyayo wenye urefu wa takribani sentimita 41 alioukuta Bluff Creek, California. Magazeti yakampa mwenye unyayo jina la "Bigfoot", yaani mwenye mguu mkubwa. Mwaka wa 2002, mkandarasi wa barabara hiyo, Ray Wallace, alipofariki dunia, jamaa zake walionyesha miguu ya mbao ambayo walisema aliitumia kuchapa nyayo hizo. Wapo wasomi, akiwemo Jeff Meldrum wa Chuo Kikuu cha Idaho State, waliokusanya mamia ya nakala za plasta na kushikilia kwamba baadhi yake haziwezi kuwa za kughushi. Wanasayansi wengi hawakushawishika, kwa kuwa nyayo zinaongezeka kila mwaka ilhali hakuna hata jino moja lililopatikana.

Laetoli: Nyayo zilizokubaliwa

Kinyume na hayo, nyayo za kiumbe mfano wa sokwe atembeaye wima zimepatikana Afrika Mashariki, na hakuna anayezipinga. Mnamo 1978, kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilivumbua huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, msururu wa nyayo wenye urefu wa takribani mita 27 uliochapwa kwenye jivu la volkano lililoloweshwa na mvua miaka milioni 3.66 iliyopita. Wengi wanaamini kwamba walioziacha ni viumbe wanaoitwa Australopithecus afarensis, ambao walikuwa na ubongo mdogo unaokaribiana na wa sokwe lakini wakitembea kama sisi.

Kwa nini nyayo hizi zilikubaliwa na za Magadi zikakataliwa? Za Laetoli ni msururu, si alama moja. Zilipimwa, zikapigwa picha na kutolewa nakala. Umri wa jivu ulipimwa kwa njia zinazoweza kurudiwa. Mifupa ya viumbe wa aina hiyo ilipatikana karibu na hapo. Juu ya yote, zilifunikwa tena kwa udongo ili zihifadhiwe, na watafiti wa baadaye wameweza kuzirudia.

Umuhimu wa kurudia ulidhihirika katika sehemu nyingine ya Laetoli inayojulikana kama A. Nyayo tano zilizopatikana hapo mwaka wa 1976 zilikuwa na umbo la ajabu: pana, fupi, na mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine. Katika miaka ya 1980, mtaalamu mmoja alipendekeza kwamba ziliachwa na dubu mchanga aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nyayo hizo zikasahauliwa kwa miongo kadhaa.

Mwaka wa 2019 watafiti walizifukua tena na kuzisafisha. Walizilinganisha na nyayo za binadamu, sokwe na dubu weusi wa Marekani, na wakatazama saa nyingi za picha za video za dubu ambapo walibaini kwamba wanyama hao hutembea wima kwa chini ya asilimia moja ya muda. Aidha, katika maelfu ya mifupa iliyochimbuliwa Laetoli hakuna hata mmoja wa dubu. Mwaka wa 2021 walitangaza katika jarida la Nature kwamba nyayo zile ni za kiumbe wa jamii ya binadamu, na huenda ni wa aina tofauti na wale wa msururu wa kwanza.

Nyanda za Uasin Gishu watu waliona dubu mahali ambapo pengine palikuwa na fisi. Laetoli wasomi waliona dubu mahali ambapo alipita jamaa wa kale wa binadamu. Kosa la Laetoli lilirekebishwa kwa sababu nyayo zilikuwapo. Kosa la Uasin Gishu, kama ni kosa, haliwezi kurekebishwa kwa sababu zilizobaki ni karatasi.

Wakazi wa Eldoret hawahitaji kwenda mbali ili kukutana na historia halisi ya viumbe hao. Katika kaunti ya Baringo, upande wa pili wa bonde la Kerio, mifupa ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa takribani miaka milioni sita iliyopita, iligunduliwa mwaka wa 2000 kwenye milima ya Tugen. Mwaka wa 2005, watafiti walitangaza kupatikana kwa meno ya sokwe ya karibu miaka 500,000 karibu na Ziwa Baringo, ingawa Kenya haina sokwe wa porini leo. Na huko Turkana, mwaka wa 2024, wanasayansi walieleza kwamba nyayo za miaka milioni 1.5 zinaonyesha aina mbili za jamaa wa binadamu zikipita ufuo mmoja wa ziwa kwa wakati unaokaribiana.

Ukikuta nyayo ngeni

Suala hili lina uzito hata kwa mfugaji asiyejali hadithi za mazimwi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatoa nafasi ya fidia kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuliwa mifugo na wanyama waliotajwa katika orodha yake, wakiwemo fisi na chui. Chemosit hayumo katika orodha hiyo. Mfugaji anayeripoti kwamba kondoo wake wameliwa na zimwi, na nyayo zikafutwa na umati uliokuja kushangaa, anajinyima ushahidi ambao ungemsaidia.

Kwa hivyo, anayekuta nyayo asizozifahamu azuie watu na mifugo wasizikanyage. Azifunike zile zilizo wazi zaidi kwa karai au ndoo mvua isiziharibu. Apige picha kutoka juu moja kwa moja, akiweka rula au sarafu kando ya unyayo, kisha apige picha ya msururu mzima. Apime umbali kutoka unyayo wa mguu mmoja hadi unyayo unaofuata wa mguu uo huo. Nywele au kinyesi kilichopatikana kiwekwe kwenye karatasi safi na kavu. Baadaye aijulishe ofisi iliyo karibu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na asimfuate mnyama kichakani peke yake.

Wazee wa Nandi waliowatisha watoto kwa habari za chemosit walikuwa na sababu, kwani fisi anajulikana kumshambulia mtu aliyelala nje, hasa usoni. Hatari waliyoionya ilikuwa ya kweli hata kama zimwi halikuwapo. Kama siku moja patatokea kiumbe ambaye bado hajajulikana, nyayo zake zitakuwa mwanzo wa kumtafuta, mradi zihifadhiwe ili mwingine aje azipime upya.